Karatasi Ndiyo Inashika Dari



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliuliza hivi: "Wanatoa fomu ya kuomba vifaa vya kazi. Mimi nafunga plafo za jipsamu. Niandike nini?" Wengi walimjibu haraka: andika drili. Sisi tulikaa kimya, sababu jibu letu ni refu na lina aibu ndani yake. Leo tunaliandika lote.

"Sisi" ni vijana watatu. Tunajitolea kambini Kavumu, kule Cankuzo: siku za mgao tunapanga foleni, tunasaidia wazee kubeba, tunasoma majina. Kazi ya kujitolea ina heshima yake lakini hailishi nyumba. Kwa hiyo tukipata karatasi ya kutoka kambini, tunapanda gari tunashuka Bujumbura kutafuta kibarua. Karatasi ile ina tarehe ya kurudi. Hiyo tarehe muikumbuke, itarudi mbele.

Kibarua chetu mara nyingi tunakipata Asiatique. Kwa asiyejua Buja: ni mtaa wa zamani wa maduka, jirani na Buyenzi, na jina lake linatokana na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu waliofungua maduka pale tangu enzi za ukoloni. Kwetu sisi tuliotoka Kongo ni mtaa wa kupumua. Kiswahili kinasemwa dukani, msikitini na barabarani, na hakuna anayekushangaa ukifungua mdomo. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walitawanyika kila upande wa mji kutafuta pa kuuzia. Mpaka leo nafasi ya duka ni dhahabu. Mwenye duka kubwa analigawa mara mbili, mara tatu, anapangisha vipande. Ukuta wa tofali unakula siku na nafasi, lakini ukuta wa jipsamu unasimama kwa siku moja. Na juu, kwa joto la Buja chini ya bati, kila mwenye duka anataka dari.

Jipsamu, au plako kama wengine hapa wanavyosema, ni bodi ya unga wa jasi ulioganda katikati ya karatasi mbili. Ile tunayofunga zaidi ina upana wa mita 1.2, urefu wa mita 2.4, unene wa milimita 12.5. Bodi moja ina kilo kama 25. Weka kichwani mwako hiyo kilo 25, inua mikono, halafu mwambie mwenzako akaze skrubu bila haraka. Utaona kama hatakuwa na haraka!

Kazi tunayotaka kusimulia ilikuwa dari ya duka la vitambaa, mita 6 kwa 8. Nyuma kuna kona ya cherehani ambapo binti mmoja anashona. Hesabu yetu ilikuwa bodi 17. Profaili za bati tulizifunga kila sentimita 40, skrubu kila sentimita 30. Hiyo ni skrubu 35 kwa kila bodi, yaani karibu 600 kwa dari nzima. Tulikuwa na drili moja, ambayo mmoja wetu aliipata kwenye sanduku la vifaa baada ya mafunzo ya ufundi. Drili nzuri tu, ya kutoboa ukuta na mbao. Tukasema, inazunguka, basi itakaza.

Siku ya kwanza tulifunga bodi nne. Tajiri akapita, akaangalia juu, akaangalia saa. Siku ya pili tulijua karatasi zetu za ruhusa zimebaki na siku mbili. Tukaongeza mwendo. Wawili wanashika bodi kwa kichwa na mikono, wa tatu anakaza. Na drili haina macho. Skrubu moja inasimama nje kama msumari wa kutundikia koti. Inayofuata inazama mpaka inapasua karatasi na kuingia kwenye unga. Nyingine inazidishwa kidogo, tundu kwenye bati linalika, skrubu inazunguka bure haishiki kitu. Drili ile ina pete yenye namba za kuzuia nguvu, tulizijaribu. Lakini namba zile zinapima nguvu, hazipimi kina. Penye karatasi kavu inaingia, penye unyevu inazama, na wewe mkono umeshakufa ganzi.

Sasa hapa ndipo penye aibu. Tuliziona. Hatuwezi kusema hatukujua. Mmoja wetu alisema, "Hii imepasuka." Mwingine akajibu, "Puti itafunika." Na kweli puti ilifunika. Tukapiga utepe wa karatasi kwenye maungio, tukapiga puti juu ya kila kichwa cha skrubu, kizima na kibovu, tukalainisha, dari ikatoka nyeupe kama sahani mpya. Tajiri alifurahi, akalipa yote. Tukarudi Kavumu siku ileile iliyoandikwa kwenye karatasi.

Baada ya siku kumi simu ikalia. Bodi moja imeshuka upande mmoja, imening'inia juu ya cherehani. Ilikuwa Ijumaa, saa ya sala, duka limefungwa. Binti hakuwepo kwenye kiti. Hatuna la kuongeza hapo. Kila mmoja wetu aliwaza kile kiti, na mpaka leo tunakiwaza.

Kurudi Buja kulituchukua siku tatu mpaka karatasi itoke tena. Tulikwenda tukijua tutatukanwa. Tajiri hakututukana. Alisema tu, "Watu waliniambia, usiwape kazi hawa wa kambi, wakiharibu utawatafuta wapi? Mimi nikasema vijana wanataka kuishi." Basi, akanyamaza. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Ninyi mnaosoma mkiwa wakimbizi mnajua: mwenyeji akiharibu, ameharibu fulani. Sisi tukiharibu, wameharibu wakimbizi. Kijana atakayeomba kazi pale mwaka kesho, hata hatujui jina lake, tulikuwa tumeshamfungia mlango.

Tajiri alikuwa amemwita mzee mmoja fundi wa dari kutoka Buyenzi. Tulimkuta juu ya ngazi. Alikuwa anakwangua puti kwa ukucha, anatazama, anahamia skrubu nyingine. Hakushuka kwanza. Alituuliza kutoka kulekule juu:

"Wanangu, bodi hii inashikwa na nini?"

"Na skrubu, mzee."

"Skrubu inashika nini?"

Tukasema inashika bodi. Akacheka, akashuka na kipande mkononi. Akabonyeza unga kwa kidole gumba, ukamomonyoka kama biskuti. Halafu akavuta karatasi, ikagoma.

"Unga huu haushiki kitu. Karatasi ndiyo inashika dari. Kichwa cha skrubu kimetengenezwa kipana kama tarumbeta ili kikae juu ya karatasi na kuibonyeza, kisiipasue. Ukiipasua, umetundika kilo 25 kwenye biskuti."

Miaka miwili tulikuwa tunafunga jipsamu, na hakuna aliyewahi kutuambia neno hilo moja.

Mzee akafungua begi lake akatoa mashine. Kwa mbali ungesema ni drili. Ukiishika unaona si drili. Mbele haina ile taya ya kubana vipande vya kutobolea, ina pua. Katikati ya pua mnachungulia ncha yenye sumaku, ya alama ya msalaba. Nyuma ya pua kuna pete ya kuzungusha inayopanga kina. Ni mashine ya skrubu za jipsamu, basi, haina kazi nyingine.

Tunaeleza inavyofanya kazi, sababu hili ndilo jibu la yule aliyeuliza.

Unabonyeza swichi, mota inazunguka, lakini ncha imetulia. Unaweza kuifunga swichi ibaki imewaka. Unaweka skrubu kwenye ncha, sumaku inaishika, mkono wa pili unabaki huru. Ukisukuma skrubu kwenye bodi, ndani klachi inashikana, ncha inazunguka kwa kasi kubwa. Nyingi za mashine hizi zinafika mizunguko kama 4,000 kwa dakika, wakati drili ya kawaida ya betri mara nyingi haifiki 2,000. Skrubu inaingia kama sindano. Pua ikigusa bodi, klachi inaachia yenyewe, unasikia tak!, ncha inasimama hata kama mota bado inazunguka. Kichwa kimekaa chini kidogo ya uso wa karatasi, kimeacha kidimbwi kidogo cha kupokea puti, na karatasi ni nzima. Inayofuata hivyohivyo, na inayofuata. Ya 600 inakaa sawa na ya kwanza, hata kama mikono yako imechoka.

Mzee alitupa mashine ile siku mbili. Hakudai pesa, alidai tu tumwonyeshe kila bodi kabla ya puti. Tukaanza upya. Hakuna aliyetulipa, wala hatukuomba. Tulikwangua vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, bodi zote 17. Tulihesabu safari hii: kwenye bodi ile iliyoshuka, skrubu nzima zilikuwa 11 kati ya 35. Tulipomwambia tajiri hiyo hesabu alinyamaza tena, lakini akatuma mtoto atuletee chai.

Alichotufundisha mzee ndani ya siku hizo mbili ni hiki:

Kabla ya kupanda ngazi, jaribu kwenye kipande kibovu. Funga skrubu tano, pitisha kisu cha puti juu yake. Kisu kikigonga chuma, ongeza kina kidogo. Karatasi ikipasuka, punguza. Ukibadilisha bodi au mbao, jaribu tena.

Sukuma wima. Skrubu ikiingia kwa upande, nusu ya kichwa inapasua karatasi na nusu inabaki nje, na hakuna pete ya kina itakayokusaidia hapo.

Skrubu si moja. Kwenye profaili za bati tumia zile za meno madogo ya karibu karibu, urefu milimita 25. Kwenye mbao tumia za meno makubwa yaliyoachana, milimita 35. Sisi tulikuwa tunanunua zozote, bora nyeusi!

Anzia katikati ya bodi uende pembeni, bodi isibenuke. Pembeni usikaribie ukingo chini ya sentimita moja, unga utabomoka.

Skrubu ikiharibika, usiizamishe zaidi ukidhani itashika. Itoe, funga nyingine pembeni yake, sentimita tano hivi. Puti inaziba tundu, haiwezi kubeba bodi.

Na macho. Ukikaza juu ya kichwa chako, vumbi lote linashuka usoni. Miwani ya kazi si ya mabosi tu.

Tuwe wakweli pia: mashine hii haifanyi kila kitu. Haitoboi ukuta. Kufunga profaili kwenye zege bado unahitaji drili. Mbao ngumu ya mkaratusi inaitesa, na skrubu nyingine zinakatika shingo. Ile ya waya inataka umeme, na umeme ukikatika unakaa chini na bodi zako. Ile ya betri inataka betri mbili, moja kazini moja kwenye chaji. Na asiye na uwezo kabisa, kuna ncha ndogo yenye kikombe pembeni, unaifunga kwenye drili yako ya kawaida. Kikombe kikigusa bodi, ncha inaachana na skrubu. Haina kasi ya mashine, lakini karatasi haipasuki, na bei yake ni ndogo sana. Kama tungekuwa na kile kikombe kidogo siku ile, kiti cha yule binti kisingekuwa hadithi.

Mzee alipochukua mashine yake tukabaki na swali. Kukodi mashine kama ile kwa siku kulikuwa kunakula karibu nusu ya ujira wa mmoja wetu. Kununua, kulihitaji likelemba. Sisi watatu na vijana wengine watano tunachanga kila mwezi, kila mwezi mmoja anachukua. Mwezi ule ilikuwa zamu ya mmoja wetu sisi watatu. Pesa yake ilikuwa imeshapangwa: mama yake kule kambini alitaka kuanza kuuza ndagala. Alikuwa ameshapata meza na kuongea na mwenye kuleta mzigo.

Tulikaa usiku mzima tukizunguka lile jambo bila kulisema. Mwishowe yeye mwenyewe akasema, "Nunueni. Mama atangoja." Hatukumshangilia. Kuna kitu si kizuri kijana akichagua kati ya mashine na meza ya mama yake, na tukiandika hapa kana kwamba ni ushujaa tutakuwa tumepiga puti tena. Mama alingoja miezi minne. Katika miezi hiyo alimwuliza mtoto wake mara moja tu, "Hiyo mashine yenu, inakula nini?" Akajibu, "Inakula skrubu, mama." Mama akasema, "Haya, na sisi tutakula skrubu."

Mashine imelipa deni lake sasa, isipokuwa sehemu ndogo tuliyoahidi kuimaliza mwezi ujao. Mama anauza ndagala. Bodi nne kwa siku zimekuwa nane, wakati mwingine tisa, na mikono haitetemeki jioni. Tukiwa kambini, mashine haikai bure: tunaikodisha kwa vijana wengine wa Buja kwa bei ndogo. Anayeichukua tunampa masharti mawili. La kwanza, ajaribu kwenye kipande kabla ya kupanda. La pili, akiharibu skrubu aihesabu na aitoe kabla ya puti, na kama muda umemwishia amwambie mwenye nyumba, hata kama karatasi yake ya ruhusa inakwisha kesho. Hasa kama inakwisha kesho.

Kwenu mnaotusaidia, hatuandiki kumlaumu mtu. Sanduku lile la vifaa lilitufikia na tulishukuru. Lilikuwa na nyundo, msumeno, koleo, drili, vitu vingi vya kila kazi. Lakini fundi wa dari na fundi wa milango wakipewa sanduku moja, mmoja wao atafanya kazi na kifaa cha mwenzake, na kosa litaandikwa jina lake yeye. Kabla ya kununua, mtuulize: unafunga nini, kwenye nini, mtaa gani, umeme upo? Maswali manne. Tena mleteni mzee kama yule wa Buyenzi kwa siku mbili tu kwenye mafunzo. Sisi tulipata cheti kizuri chenye mhuri, lakini lile neno la karatasi tulilipata chini ya dari iliyoanguka.

Na wewe uliyeuliza, fomu yako iandike hivi: "Mashine ya kukaza skrubu za jipsamu, yenye pua ya kupanga kina, pamoja na ncha kumi za akiba na miwani." Wakikuambia fungu halitoshi, usikasirike, omba ncha yenye kikombe za drili tano. Wakikuambia utapewa drili tu, ipokee, ushukuru, halafu tutafute. Wiki mbili zijazo tuko Asiatique, tunagawa duka jingine, jirani na lile la vitambaa. Tajiri yule ndiye aliyetutafutia hiyo kazi. Njoo asubuhi kabla ya saa mbili, tutakupa kipande kibovu na skrubu tano.